Kabla hujafuta akaunti usiyoijua, soma namba yake

Habari za jioni. Niingie moja kwa moja, maana muda niliopewa ni mfupi na suala lenyewe linaumiza watu bure. Umefungua orodha ya watumiaji kwenye kompyuta yako ya nyumbani yenye Windows, ukakuta majina ambayo hukuyaandika wewe wala mtu yeyote wa familia: DefaultAccount, pengine WDAGUtilityAccount. Moyo unakwenda mbio, na kinachofuata ni mkono kutafuta kitufe cha kufuta.

Usifute. Nimelisema hili kila niliposimama mbele ya watu, na leo nalisema tena: jina la akaunti si ushahidi wa chochote. Jina huandikwa na yeyote na hubadilishwa na yeyote mwenye mamlaka ya usimamizi. Ushahidi ni namba.

Windows haimtambui mtumiaji kwa jina. Kila akaunti inapoundwa hupewa kitambulisho kirefu kiitwacho SID. Kwa akaunti za kwenye kompyuta, huanza na S-1-5-21, zikafuata tarakimu nyingi za mashine yenyewe, na mwishoni kabisa kuna namba fupi. Hiyo fupi ndiyo tunayoitaka. Fungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, andika Get-LocalUser | Select Name, SID, Enabled, LastLogon | Format-Table -AutoSize kisha ubonyeze Enter. Sasa angalia mkia wa kila SID. Ukiona 500, huyo ni Administrator aliyekuja na mfumo. 501 ni Guest. 503 ni DefaultAccount, na 504 ni WDAGUtilityAccount. Hizi huundwa na Windows 10 na 11 zenyewe, na kwa kawaida kwenye safu ya Enabled utasoma False, yaani zimezimwa. Hakuna mtu anayezitumia. Ziache zilale.

Akaunti zinazoundwa baada ya hapo, iwe na wewe, na programu uliyosakinisha au na mvamizi, hupewa namba kuanzia 1000 kwenda juu. Ni kama gari: pleti hung'olewa ikabandikwa nyingine, lakini anayetaka kulijua gari huinama akasoma chasisi. Mpe Administrator jina lolote upendalo, mkia wake utabaki 500.

Najua kuna anayejiuliza, je, mvamizi hawezi kujiita jina linalofanana na la mfumo? Anaweza, na ndiyo maana sitaki mtazame majina! Ataandika “Default Account” kwa kuweka nafasi katikati, na jicho lililochoka litapita bila kushtuka. Mkia wake lakini utakuwa 1004, au 1007. Na je, hawezi kuiwasha Guest au Administrator ya asili badala ya kuunda yake? Hilo nalo anaweza. Ndipo safu za Enabled na LastLogon zinapofanya kazi: ukikuta 500 inasema True na tarehe ya kuingia ni ya wiki iliyopita, na nyumbani hakuna aliyeiwasha, hapo una sababu ya kushtuka.

Mwingine ataniambia, nikikosea nitaiunda upya kwa jina lile lile. Ndugu yangu, hapo ndipo watu wanapopotezea faili zao. Ukiunda akaunti mpya, hata jina lilingane herufi kwa herufi, SID ni mpya, na kwa Windows huyo ni mtu mwingine kabisa. Ruhusa za faili zimebaki kwa yule wa zamani. Kwa hiyo ukifungua kichupo cha usalama cha folda ukakuta “Account Unknown” na mlolongo wa S-1-5-21, mara nyingi hayo ni mabaki ya akaunti iliyofutwa, au diski ilitoka kwenye kompyuta nyingine.

Folda nazo zinatisha watu bila sababu. Ukianzisha Windows kwa akaunti ya Microsoft, folda yako ndani ya C:\Users hupewa herufi tano za mwanzo za baruapepe yako. Mtu anaona “rehem” anadhani kuna mgeni, kumbe ni yeye mwenyewe.

Naona naonyeshwa saa, basi haya nayapitisha haraka. Andika net localgroup Administrators, upate majina ya wenye mamlaka ya usimamizi, kisha uyalinganishe na ile orodha ya SID. Jina lolote humo lenye mkia wa 1000 na kuendelea, ambalo hakuna nyumbani anayelijua, lichunguzwe leo leo, hasa kama mliwahi kupigiwa simu na mtu aliyejidai fundi akawaomba msakinishe programu ya kuendesha kompyuta kutoka mbali. Fungua Event Viewer, programu ya Windows inayoonyesha kumbukumbu za matukio, uingie kumbukumbu za Security, utafute tukio namba 4720: linaonyesha akaunti iliundwa lini na nani aliiunda. Namba 4732 huonyesha nani aliingizwa kwenye kundi kama hilo la Administrators.

Ukithibitisha ni mvamizi, kufuta akaunti yake hakutoshi. Aliyeweza kuiunda alikuwa tayari na mamlaka ya usimamizi, na huwezi kujua ameacha nini kingine. Kata intaneti, badilisha manenosiri ukitumia kifaa kingine, nakili picha na nyaraka zako, kisha sakinisha mfumo upya. Ukiwa na shaka tu bila uthibitisho, izime: andika net user, ufuatishe jina la akaunti na kisha /active:no, bila mkato wowote katikati, kwenye dirisha la amri lililofunguliwa kwa mamlaka ya usimamizi. Iliyozimwa huwashwa tena wakati wowote.

Wenye Mac, namba za watumiaji wa kawaida huanzia 501, na majina yanayoanza na mstari wa chini, kama _spotlight, ni ya mfumo. Kwenye Linux nyingi watu huanzia 1000, na nobody mwenye 65534 ni wa mfumo pia. Karibuni kwa maswali. Mwenye kompyuta yake hapa aifungue tuisome pamoja.