Msiulaumu Mtandao Kabla Hamjaitazama Diski

Assalaam alaykum. Ahsanteni. Mwenyekiti amenipa dakika 40, na wanaonijua hapa Chake wanajua nitazimalizia kwenye jambo moja. Wale waliokwisha kunisikia Unguja wanistahamilie, bado watu hawajalishika.

Mtu anaweka programu kwenye kompyuta ya Linux, Debian au Ubuntu. Mstari unasimama. Dakika tano, kumi. Anasonya, anasema: "Mtandao mbovu." Muulize amejuaje, atakutazama kama umemuuliza jua linachomoza upande gani.

Kuna skuli moja, sitaitaja na msinitajie, niliitwa kutazama chumba chao cha kompyuta. Walikuwa wameshaongeza bando. Hawakuridhika, wakabadilisha ruta. Hawakuridhika, wakapandisha antena juu ya paa, na nguzo wakaichimbia kwa saruji. Nimefika, namkuta kijana wao anaweka LibreOffice, yale mafaili ya deb, yaani pakeji za programu, yamo kwenye flashi, ameandika dpkg -i, amri ya kuziweka kwenye mashine, na mashine inatambaa. Nikamuuliza, mwanangu, mbona pole pole hivi? "Mtandao, maalim." Nikainama nyuma ya mashine. Waya wa mtandao haupo! Wameuchomoa, wameuazima ofisini kwa mwalimu mkuu.

Chekeni, lakini nyinyi nanyi mnafanya hivyo hivyo, tofauti ni kwamba waya wenu umechomekwa.

Na apt, programu inayoteremsha pakeji mtandaoni na kuziweka, haifichi kitu. Inateremsha kwanza, na ikimaliza inakuandikia mstari wa Fetched: megabaiti ngapi, sekunde ngapi, kasi gani. Ukishauona mstari ule, kazi ya mtandao imekwisha. Zinazofuata ni Unpacking, kuzifungua pakeji, na Setting up, kuziandaa, na hizo ni diski na prosesa tu. Mashine yako imesimama kwenye Unpacking, wewe unapigia simu watu wa bando! Hata ukiwa na shaka, tumia apt-get install -d, iteremshe bila kuweka. Kisha weka peke yake, upime muda kwa amri ya time. Una jawabu.

Pale skulini nilifungua dirisha la pili, nikaandika vmstat 1. Safu iliyoandikwa "wa", muda ambao prosesa imekaa inaisubiri diski, iko juu na haishuki. Nikaandika iostat -x 1. Diski imeshikika asilimia 100, na inachoandika hakifiki megabaiti moja kwa sekunde. Hapo ndipo mafundi wengi wanapopotea. Wanaona uandishi ni mdogo, wanasema diski haina kazi. Bwana, ina kazi mpaka shingoni, ila ni kazi ya vipande vidogo vidogo.

Chukua mtu ana gunia la karafuu kavu. Anaweza kulipeleka kituoni zima, lipimwe mara moja, apewe risiti, aende zake. Huyu wetu anapeleka pishi moja, anasubiri lipimwe, liandikwe, apewe risiti mkononi, ndipo anarudi nyumbani kuchota la pili. Risiti hiyo kwenye Linux ni fsync: programu inaiambia kerneli, moyo wa mfumo wa Linux, faili hili lisibaki kwenye RAM, nihakikishie limefika diskini. Na dpkg inadai risiti ya kila faili.

Diski ya sahani ya mizunguko 7200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, mzunguko mmoja milisekunde 8 na kitu. Zile za laptop za 5400, milisekunde 11. Risiti moja inataka data iandikwe, jarida la mfumo wa mafaili, daftari la mabadiliko yake, liandikwe, lifungwe, na kichwa cha diski kinahama huku na huku. Tuseme milisekunde 25. Mafaili 10,000 ni sekunde 250, dakika nne na ushei, na hujahesabu kitu kingine.

Hapa hunyanyuka mmoja: "Maalim, tuliipima kwa dd, amri ya kunakili data, ikatoa megabaiti 100 kwa sekunde, diski nzima." Mliandika faili moja kubwa, mfululizo! Hilo ndilo gunia. Pimeni pishi: dd kwa bs=4k, count=500, na oflag=dsync, vipande 500 vya kilobaiti nne, kila kimoja na risiti yake. Mtaiona sura yake ya kweli.

Mwengine huleta strace -c, chombo cha kuhesabu maombi ya programu kwa kerneli, na kusema fsync haionekani kula muda. Strace -c peke yake huhesabu muda wa prosesa ndani ya kerneli, na anayesubiri diski amelala, hatumii prosesa. Ongeza -w, ihesabu muda wa saa ya ukutani, na -f ifuate michakato yote. Fsync itapanda juu ya orodha mbele ya macho yako.

Na yule mjanja wa nyuma najua anataka kusema nini: "Kuna eatmydata, kuna --force-unsafe-io, tuzizime risiti." Ndiyo, kasi utaipata. Lakini jiulize kwa nini ziliwekwa. Ext4, mfumo wa mafaili wa Linux, ilipotangazwa kuwa tayari, Linux 2.6.28, Disemba 2008, ilikuja na tabia ya kuchelewesha kuyapangia mafaili nafasi diskini. Umeme ukikatika wakati mbaya, faili linabaki na jina na ukubwa wa sifuri. Mwaka 2010 dpkg ikaanza kudai fsync ya kila faili. Sasa kumbukeni sisi tulikuwa wapi. Disemba 2009 waya wa baharini uliharibika, Unguja ikakaa kizani miezi mitatu, watu wanaishi kwa jenereta zinazozimika kila saa. Nyinyi Pemba umeme wa Tanga ulikuwa haujafika. Kama kuna mahali duniani risiti zina haki yake, ni hapa. Eatmydata itumie unapojenga imeji au kontena utakayoitupa ikiharibika. Kwenye mashine ya mhasibu isiyo na UPS, ole wako.

Naoneshwa saa. Haya, mbio mbio.

Ikiganda kwenye Reading database mara ya kwanza, na mara ya pili ikapita upesi, hiyo ni kusoma, si kuandika: kila pakeji ina faili lake la list ndani ya /var/lib/dpkg/info, na mara ya pili yamo kwenye RAM. Wanaotumia WSL2, Linux ndani ya Windows, msiweke node_modules, folda ya vipande vingi vidogo vya JavaScript, chini ya /mnt/c ambayo ni diski ya Windows, wekeni upande wa Linux. Memori kadi kwenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo, ni ugonjwa ule ule. Na kabla ya yote haya iulizeni diski afya yake kwa smartctl -a: Current_Pending_Sector, hesabu ya sehemu zinazoshindwa kusomeka, ikiwa si sifuri, acha kupima, nakili data za watu kwanza.

Btrfs, mfumo mwengine wa mafaili, sitaigusa leo, tutakesha.

Ile skuli walipata SSD, diski zisizo na sahani ya kuzunguka, za gigabaiti 120, LibreOffice ile ile, flashi ile ile, ikawa imeshaingia kijana hajamaliza kunieleza habari za antena. Antena bado ipo juu ya paa. Maswali, lakini asiniulize mtu kuhusu bando.