Ufunguo wa Stoo: Muhula wa Mwisho wa Gredi ya 9

DADA: Masalkheri, msikilizaji, uwe Likoni unangoja feri, uwe Kongowea unafunga biashara, au uwe umekwisha kufika nyumbani Mikindani na kuvua viatu. Muhula wa tatu unayoyoma, mvua za vuli zimeanza kutunyeshea, na watoto wetu wa sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, wanakaribia kufunga mwaka. Leo tutazungumza juu yao, hasa wale wa Gredi ya 9 wanaoondoka, na juu ya uongozi walioujenga wakiwa shuleni. Niko na mwenzangu wa siku zote, Mwalimu, anayefundisha katika shule moja ya umma hapa kisiwani Mombasa. Masalkheri, Mwalimu.

MWALIMU: Masalkheri, Dada, na nawasalimu wote wanaotusikiliza.

DADA: Nianze na jambo linalonisumbua mimi kama mzazi. Mwanangu yuko Gredi ya 9, na tangu mwezi wa Agosti kila mtu anayekutana naye, awe jirani, mjomba wake au muuza mahamri wa pale kona, humwuliza jambo moja tu, nalo ni kama amejiandaa kwa tathmini. Sijasikia hata mmoja akimwuliza amekuwa mtu wa namna gani katika miaka hii mitatu.

MWALIMU: Wasiwasi huo una sababu yake, na sitaki kuudharau, kwa sababu tathmini ya mwisho ya Gredi ya 9 inabeba asilimia 60 ya alama zinazompeleka mtoto sekondari ya juu. Hata hivyo, asilimia 20 hutokana na tathmini ya Gredi ya 6, na 20 nyingine na zile za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8, kwa hiyo mtoto anapoketi kuandika karatasi yake ya kwanza, asilimia 40 ya kazi amekwisha kuifanya. Lakini uongozi hauna karatasi, na kisichokuwa na karatasi ndicho tunachokiacha kwanza. Mara muhula wa tatu unapoanza, shule nyingi huwaambia viranja wa Gredi ya 9 warudishe beji na wakazame vitabuni. Mimi naamini hapo ndipo tunapowapotezea somo lililo kubwa kuliko yote, kwa maana mtoto wa miaka 14 au 15 hukomaa zaidi anapoikabidhi kazi kuliko siku alipopewa.

DADA: Kabla hatujafika kwenye kukabidhi, tukumbushane historia kidogo, kwa sababu wazazi wengi tulisoma chini ya utaratibu wa zamani wa darasa la nane na kidato cha kwanza.

MWALIMU: Ni historia fupi lakini ina uzito. Gredi ya 7 ya kwanza nchini Kenya ilianza Januari 2023, ikawekwa ndani ya majengo ya shule za msingi, na mwaka huohuo darasa la nane la mwisho likafanya KCPE, ule mtihani wa zamani wa kumaliza shule ya msingi, na kuondoka. Hebu lifikirie kundi lile la kwanza, Dada. Mwaka 2024 walikuwa Gredi ya 8, na tayari wao ndio waliokuwa wakubwa kuliko wote shuleni. Mwaka 2025 wakawa Gredi ya 9, bado hawana aliye juu yao. Kwa miaka miwili mfululizo walikuwa viongozi wasiokuwa na kaka wala dada wa kumtazama, na sisi walimu tuliwalaumu mara nyingi kwa makosa ambayo hakuna aliyewaonyesha namna ya kuyaepuka. Binafsi najuta kwa baadhi ya maneno niliyowaambia kwenye gwaride la asubuhi.

DADA: Makosa ya namna gani?

MWALIMU: Kubwa lilikuwa lile la orodha ya wapiga kelele. Kila aliyesoma nchini humu anaijua. Mwalimu hutoka darasani, kiranja hushika chaki au kipande cha karatasi, na kazi yake yote ni kuandika majina. Baada ya muda mtoto yule haongozi tena, amekuwa mchongezi mwenye cheo. Wenzake wanamchukia au wanamhonga kwa vibanzi, na yeye mwenyewe anajifunza kwamba mamlaka ni kuwa na kalamu ambayo wengine hawana. Nilikuwa na msichana mmoja wa Gredi ya 8 aliyenirudishia karatasi tupu siku tatu mfululizo. Nikamwita kwa hasira, nikamwuliza kama darasa lake limekuwa la mabubu. Akanijibu kwa heshima kwamba wavulana wawili wa nyuma walipiga kelele kwa sababu hawakulielewa zoezi la Hisabati, naye alikwenda akakaa kati yao, wakalifanya pamoja, kelele zikaisha, akaona hakuna jina la kuandika.

DADA: Subhanallah.

MWALIMU: Nilinyamaza. Tangu siku hiyo darasani kwangu hapaandikwi orodha. Kiranja huniletea habari mbili tu, ni nini kilichowakwamisha wenzake na ni nini alichojaribu kufanya.

DADA: Sasa tuje kwenye makabidhiano, kwa sababu uliniambia kabla hatujaanza kurekodi kwamba lile kundi la kwanza liliondoka na shule ikayumba.

MWALIMU: Iliyumba kweli. Waliondoka mwishoni mwa 2025 na kila kitu kilikuwa kichwani mwao. Januari ilipofika tukakuta hakuna anayejua ufunguo wa stoo ya vifaa vya michezo uliachwa kwa nani. Unajua maji ya mfereji hapa mjini hayaji kila siku. Yalikuwa yakija alfajiri, na kulikuwa na mvulana aliyekuwa akiwahi shuleni kulifungulia tangi bila kuagizwa na mtu. Alipoondoka, maji yalikuja mara mbili na kupita, na watoto wa chekechea wakakosa maji ya kunawa. Wazee walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, nasi tukaona kwamba hata chombo kilichoachwa na nahodha mmoja bila kumwachia mtu usukani huenda mrama vilevile.

DADA: Mwaka huu mmefanya nini?

MWALIMU: Tangu wiki ya kwanza ya muhula huu, kila kiongozi wa Gredi ya 9 amewekwa pamoja na mmoja wa Gredi ya 8 atakayemrithi. Wiki ya kwanza mkubwa anafanya kazi na mdogo anatazama. Ya pili wanafanya wote. Ya tatu mdogo anafanya peke yake, na mkubwa anakuwapo lakini haruhusiwi kusema neno isipokuwa ameulizwa. Wiki hii ya tatu ndiyo iliyonifundisha mimi. Mvulana wetu wa kengele ni mtoto makini sana, mwaka mzima hakuchelewesha kipindi. Siku ya kwanza ya ukimya wake, msichana anayemrithi alisahau, na dakika saba zikapita. Yule mvulana alikuja kwangu anatetemeka, ananisihi nimwache akaipige. Nikamwambia asubiri. Machozi yalimlengalenga, kwa kuwa aliona jina lake linaharibika. Hatimaye msichana akakumbuka, akakimbia, akaipiga, na kesho yake alikuwa chini ya mwembe dakika tano kabla ya wakati. Mvulana akaniambia kwamba kunyamaza kulikuwa kugumu kuliko mwaka mzima wa kupiga kengele.

DADA: Hilo linanigusa, Mwalimu, maana hata sisi wazazi hatuwezi kunyamaza. Mwanangu akichelewa kuamka, mimi ndiye ninayemwamsha, ninayemtafutia soksi, ninayekumbuka siku ya kuvaa sare za michezo. Halafu Januari atakwenda sekondari ya juu, pengine ya bweni, mbali na Mombasa, na nitataka ajiendeshe.

MWALIMU: Na huko atakuwa mdogo tena. Atakuwa Gredi ya 10, atapanga foleni nyuma ya vijana wasiojua kwamba alikuwa rais wa shule. Mtoto aliyezoea kushika cheo bila kukiachia huteseka sana mwaka huo. Yule aliyefundishwa kukabidhi tayari anajua kwamba anaweza kuwa na faida mahali ambapo hana beji.

DADA: Nisichokifahamu vizuri ni nafasi yao mbele ya walimu wenyewe. Je, sauti yao inafika popote, au ni kupanga mistari na kuokota taka tu?

MWALIMU: Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa mwakilishi wa baraza la wanafunzi nafasi katika bodi ya usimamizi ya shule. Nafasi ipo, ila mtoto akikaribishwa kikaoni bila kuandaliwa ataitikia kila kitu kwa woga wa watu wazima. Kwa hiyo tunawazoesha mapema kuleta jambo moja lenye hesabu. Safari iliyopita walileta idadi ya mifereji inayovuja na ya ndoo za maji yanayopotea kwa siku, na fundi akaitwa wiki hiyohiyo.

DADA: Na wadogo je? Maana shule ya msingi iliyo na sekondari msingi ina mtoto wa miaka minne na kijana wa miaka 15 ndani ya lango moja.

MWALIMU: Wengi huona hilo ni hatari, na uangalizi unahitajika kweli. Mimi naliona pia kuwa ni neema. Watoto hawa huwavusha wadogo barabara yenye tuktuk na matatu zisizosimama, na hujua mambo ambayo sisi hatuyaoni. Tumeweka daftari moja la makabidhiano, kila anayeondoka anaandika anachokijua. Mmoja ameandika kwamba ukimwona mtoto wa Gredi ya 1 analia karibu na lango saa ya kurudi, usimwulize mbele ya wenzake, mchukue kando, kwa kuwa mara nyingi amepoteza nauli na anaona haya. Nimefundisha miaka mingi na sikuwa nalijua hilo.

DADA: Na ule ufunguo wa stoo?

MWALIMU: Ulikabidhiwa Ijumaa iliyopita. Mvulana aliyekuwa nao aliandika mstari mmoja daftarini, kwamba mlango umelegea, sharti uuinue kidogo ndipo ufunguo uzunguke. Akampa msichana wa Gredi ya 8, wakapeana mikono, akaenda zake kusoma. Leo asubuhi nimelifungua daftari, nikakuta chini ya maneno yake kuna mwandiko mpya.

DADA: Ameandika nini?

MWALIMU: Ameandika: "Bawaba zimekazwa na kutiwa mafuta. Mlango hauinuliwi tena."