Mbona Uliimba? Nawajibu Leo, Halafu Tusiulizane Tena

Haya wapendwa, hamjambo. Subirini niiegemeze simu kwenye chupa ya chai, ile stendi yangu imevunjika mguu. Mnanisikia? Haya.

Leo sina mapishi wala "twende sokoni pamoja". Leo najibu swali moja tu, kwa sababu tangu niweke ile video ya mahafali ya mdogo wangu mwezi Mei, hapa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, Marekani, nikionekana naimba wimbo wa chuo na vidole juu, kila nikishika simu nalikuta linanisubiri. "Dada, mbona umesimama unaimba wimbo wa wabaguzi?" Mwingine: "Dola zimemkolea, kasahau rangi yake." Na wa tatu, tena ndugu yangu wa damu wa Morogoro, simtaji, kaandika kwamba ile ishara niliyoonyesha kwa vidole ni ya Frimasoni, na kwamba sasa ameelewa hela ya bati za mama nimeitoa wapi.

Tuanze na huyu wa Frimasoni, maana ndiye mwepesi. Kidole cha shahada juu, kidole cha mwisho juu, vya kati umekunja. Hizo ni pembe za ng'ombe. Ng'ombe, jamani! Chuo Kikuu cha Texas hapa Austin wana maksai wao wa pembe ndefu, yupo hai, anaitwa Bevo, analetwa uwanjani siku za mechi. Hiyo alama imeanza mwaka 1955, aliileta kijana mmoja kiongozi wa washangiliaji, Harley Clark. Na bati za mama zimetokana na kugeuza wazee vitandani usiku, shifti za urefu wa saa 12, mgongo huu hapa unauma mpaka leo. Nikisema hivi mtasema nalalamika. Nikinyamaza mtasema naringa. Basi nimechagua kusema.

Sasa wimbo. Unaitwa "The Eyes of Texas", yaani macho ya Texas. Maneno yenyewe yanasema macho hayo yako juu yako mchana kutwa, huwezi kuyakimbia. Ukiusikia mara ya kwanza hauna tatizo, ni wa shule tu, tuni yake ni ya ule wimbo wa kazi za reli ambao hata watoto wa chekechea wa huku wanaujua. Na mimi kwa miaka miwili niliusikia hivyo hivyo, kwenye maduka, kwenye redio ya gari, kwenye simu ya msimamizi wangu kazini.

Kinachowauma watu ni ulipozaliwa. Aliyeandika maneno ni mwanafunzi, John Lang Sinclair, na uliimbwa hadharani mara ya kwanza Mei 1903, kwenye ukumbi wa opera wa Hancock hapa hapa Austin. Shughuli yenyewe ilikuwa yale maonyesho ambayo wazungu walikuwa wanajipaka masizi usoni, wanapanua midomo kwa rangi, halafu wanamwigiza mtu mweusi kama mjinga, watu wanacheka. Waimbaji wenyewe siku hiyo inaelekea walikuwa wamepakwa. Na hayo maneno ya "macho" walikuwa wanamtania rais wa chuo, William Prather, aliyependa kuwaambia wanafunzi kwamba macho ya Texas yanawatazama. Kwa miaka mingi watu waliamini Prather alilitoa neno hilo kwa Jenerali Robert E. Lee, yule kamanda wa majimbo ya Kusini yaliyopigana kuulinda utumwa, maana Prather alisoma kwenye chuo ambacho Lee alikuwa mkuu wake.

Miaka hiyo yote chuo chenyewe hakikuwa na mwanafunzi mweusi hata wa dawa. Heman Sweatt aliwashtaki mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ndipo mwaka 1950 akaruhusiwa kuingia shule yao ya sheria. Wanafunzi weusi wa shahada ya kwanza walisubiri hadi 1956. Timu ya mpira wa Kimarekani ilichukua ubingwa wa 1969 ikiwa ya wazungu watupu, mwaka uliofuata ndipo akacheza Julius Whittier. Sasa ukikaa ukijiuliza hao watu walikuwa wanauimba kumhusu nani na mbele ya nani, kwa miaka zaidi ya 50, unaanza kuelewa kwa nini mtu anakunja mdomo.

Ikaja 2020. George Floyd, yule mtu mweusi, anauawa na polisi Mei, barabara zinajaa watu, na Juni wanamichezo wa chuo wanatoa barua: badilisheni majina ya majengo, na huu wimbo tafuteni mwingine. Julai chuo kikajibu. Jengo la Robert Lee Moore, profesa aliyekuwa anakataa kufundisha weusi, likabadilishwa jina, uwanja ukapewa majina ya Earl Campbell na Ricky Williams, wachezaji weusi wawili wakubwa, Whittier akaahidiwa sanamu. Wimbo ukabaki.

Oktoba mwaka huo timu ya chuo ikafungwa na Oklahoma 53 kwa 45 baada ya vipindi vinne vya nyongeza, na desturi ni kwamba ushinde ushindwe unasimama unaimba. Wachezaji wengi wakaingia ndani. Sam Ehlinger, yule mrusha mpira wao mkuu, akapigwa picha amesimama uwanjani mkono juu, karibu peke yake. Ile picha iliwasha moto. Mwezi huo huo bendi ya chuo ikahesabiana, waliokuwa tayari kuupiga wakawa hawatoshi. Hebu fikiria, bendi nzima, tarumbeta zinang'aa, na wimbo unapigwa kwa rekodi.

Halafu ndipo tunafika kwenye kitu ambacho mimi kinanikera, na hapa naomba msinikatize.

Machi 2021 gazeti la Texas Tribune lilitoa barua pepe ambazo wahitimu na wafadhili walimwandikia rais wa chuo. Mamia. Wengine wanasema wazi kwamba wimbo ukiondoka na hela zao zinaondoka. Mmoja akaandika kwamba watu weusi kama hawaridhiki wahamie jimbo lingine. Na Caden Sterns, aliyekuwa mlinzi wa timu, akaandika hadharani kwamba kuna wahitimu waliowatishia: msiposhiriki, kazi mtazitafutia nje ya Texas. Mtoto wa miaka 20 anaambiwa hivyo kwa ajili ya wimbo.

Mimi hilo linanigusa kwa sababu najua kuambiwa "hela ni yangu, kaa kimya" kunafananaje. Nisimulie kidogo. Wakati natafuta viza yangu ya mwanafunzi mwaka 2019, sio chuo hiki, mimi nilisoma pengine, nililipa dola 350 za ile ada ya kusajiliwa kwenye mfumo wao, nikalipa 160 za maombi ya viza, zote hazirudi hata ukinyimwa. Bado unatakiwa taarifa ya benki kuonyesha una hela ya mwaka mzima. Hela hiyo alikuwa nayo baba mdogo. Akaniambia nitakuandikia barua ya udhamini, lakini na wewe usije ukabishana na mimi tena mbele za watu. Kulikuwa na mgogoro wa shamba, nisingependa kuuingia hapa. Nikasema sawa baba. Nikaenda benki, jina silitaji, yule dada wa dirishani akaniandikia jina la baba mdogo kwa herufi moja pungufu, nikarudi mara tatu, mara ya tatu akaniambia mfumo hauko hewani. Nilipoipata ile karatasi nililala nayo chini ya mto. Na lile shamba likagawanywa nikiwa nimenyamaza. Mpaka leo mama hajalisema, na mimi sijalisema.

Kwa hiyo mkiniuliza kwa nini mchezaji mwenye ufadhili hakugoma mpaka mwisho, mimi wala sishangai.

Turudi. Chuo kikaunda kamati ya watu 24, mwenyekiti Profesa Richard Reddick, ambaye naye ni mtu mweusi. Machi 2021 wakatoa ripoti. Wakasema uwezekano wa lile neno kutoka kwa Lee ni mdogo sana. Wakasema ndiyo, wimbo ulizinduliwa kwenye maonyesho ya masizi. Lakini wakasema hawakuona nia ya ubaguzi kwenye maneno yenyewe. Hapo ndipo mimi nilipoachana nao kidogo. Kwa heshima zote, sio msomi kama wao, ila nia ya Sinclair ilishazikwa naye. Aliye hai ni binti wa kwenye bendi anayepuliza klarineti.

Na huyo binti walimfanyia nini? Wakatangaza kwamba bendi kubwa, ile inayoingia uwanjani, ni lazima ipige. Asiyetaka, itaundwa bendi nyingine kuanzia msimu wa vuli wa 2022, akapige huko.

Kuna mdau aliniandikia vizuri, bila matusi, akasema mbona Afrika Kusini waliunganisha wimbo wa makaburu na "Nkosi Sikelel' iAfrika", toka 1997 ni wimbo mmoja na watu wanaishi. Kaka, asante, mfano mzuri, ila angalia tofauti. Kule wimbo wa waliodhulumiwa ulishonwa ndani, tena ndio unaoanza. Huku aliyeumia kaahidiwa bendi ya pembeni. Havifanani.

Sasa mimi niliimbaje? Nawaambia ukweli. Mdogo wangu alikuwa kachoka na hii habari. Sio raia, hana ukaazi, ada ya watu wa nje ya jimbo pale ni zaidi ya dola 40,000 kwa mwaka. Msaada alioupata ulikuwa na tundu, na tundu hilo tumeliziba mimi na kaka yetu wa Dar kwa miaka minne. Na kwa viza yake haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, tena ndani ya chuo. Siku ya mahafali nikamuuliza, wakiimba tunafanyaje? Akaniambia, "Dada, leo nimechoka, mimi nitaimba. Wewe fanya unavyojisikia." Nikamtazama na lile joho ambalo nililipia mimi, nikaimba. Sio kwamba nilisahau. Nilikumbuka vyote, na nikaimba.

Mnione mnafiki, sawa. Lakini na ninyi mnijibu hili. Kazini kuna kaka mmoja wa Masaka, Uganda. Usiku mmoja tunakunja mashuka, mimi bila kufikiri nikaanza ule wimbo wa mchakamchaka, mnaujua wote, ule wa kumtupa Idi Amin mto Kagera awe chakula cha mamba. Shule ya msingi tumeuimba kila asubuhi mpaka viatu vinatoboka. Nikaimba kwa raha zangu. Yule kaka akaacha shuka. Akaniuliza maana yake, nikamwambia. Akasema, "Mjomba wangu alikuwa askari wa jeshi lile. Alikuwa na miaka 19. Hakurudi." Hakugomba. Alimalizia kukunja, akaenda kumbadilisha mzee wa chumba cha jirani.

Vita vile vya Kagera najua nani alivianza, sihitaji darasa. Ila tangu usiku ule nikiuanza wimbo ule koo linakwama pale pale penye mamba. Hakuna aliyenikataza, na hakuna aliyenitengenezea bendi ya pembeni.

Kama wangeniuliza mimi, na hawaniulizi, ningesema wausimamishe, waandike mwingine, chuo kina kitivo kizima cha muziki. Kama hawataki, basi angalau asilazimishwe mtu kuupiga. Hayo ni yangu. Usije ukaenda kwenye usaili wa viza ukaanza kumweleza ofisa habari za nyimbo halafu ukasema dada wa Austin ndiye kanituma. Na kama mwanao amepata nafasi pale, mlete, ni chuo kizuri, wanafunzi weusi ni karibu 5 tu kati ya 100, ajiandae na hilo, lakini elimu ipo. Kila mtu na mfuko wake na moyo wake.

Jambo moja nimeliona jana tu, nikiirudia ile video. Ninyi wote mlikuwa mnanitazama mimi. Angalieni kushoto kwangu, sekunde ya 41. Kuna bibi mmoja, mweusi, wa huku huku, kavaa kofia ya kanisani na mkoba mweusi. Anasimama pamoja na sisi wote. Mikono yake miwili ameikumbatisha kwenye mkoba, mdomo umefungwa. Uwanja mzima pembe juu, yeye anatazama mbele. Wimbo unakwisha, fataki zinaanza, saa mbili na kitu usiku hivi, na kule mnara wa chuo umewashwa taa za rangi ya chungwa. Hapo ndipo anaachia mkoba na kupiga makofi kwa nguvu mpaka kofia inapinda. Baadaye alinipa simu yake nimpige picha na mjukuu wake, mnara nyuma. Nikampiga tatu, ya kwanza niliwakata miguu.

Haya, shifti yangu inaanza saa tatu na basi halinisubiri. Lile swali la pili, la kutuma vyeti kuja kuhakikiwa, nitalijibu wiki ijayo, lina risiti nyingi.