Mifupa Kwanza, Rangi Baadaye: Mhadhara Kuhusu Kufufua Samani za Mtumba

Ndugu zangu, habari za asubuhi, na asanteni kwa kuja. Tumeombwa tuzungumzie namna ya kupendezesha nyumba kwa samani zilizokwisha kutumika, kwa fedha kidogo. Tuanze na ombi moja: mnapokwenda kununua, msitazame rangi. Rangi ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kubadilisha, na ndiyo inayoficha ubovu. Nunueni mifupa.

Kiti hukaguliwa hivi. Shika mgongo kwa mkono mmoja, kikalio kwa mkono mwingine, kisha sukuma mbele na nyuma. Kikicheza kwenye maungio, msiogope. Gundi imechoka tu, na hilo linatengenezeka. Lakini kama mbao imepasuka pale ulimi, yaani ncha iliyochongwa, unapoingia kwenye tundu lake, au mguu umepasuka kufuata nyuzi, kiacheni. Kabati ligeuzeni, mtazame chini na mgongoni, kwa sababu muuzaji hupaka mbele peke yake. Chomoeni droo mtazame upande wake wa chini usiopakwa kitu: hapo mbao inasema yenyewe kama ni mninga, mkongo, mtiki au paini. Uzito peke yake hautoshi, maana hata chipbodi ni nzito. Tazameni ukingo. Mbao halisi huonyesha nyuzi zikipita mpaka kichwani, chipbodi huonyesha punje zilizogandishwa. Na chipbodi iliyovimba miguuni kwa maji ya deki haina tiba. Ile gundi iliyoshika punje imekwisha kuachia, na ukiikausha hairudi unene wake wa zamani.

Mbao ngumu ya zamani ina thamani zaidi ya bei inayotajwa mnadani. Mwaka 2022 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ziliingiza mninga, mkongo na mkangazi wa Afrika katika Kiambatisho cha II, yaani biashara yake ya kimataifa sasa inadhibitiwa kwa vibali. Meza ya mninga iliyotupwa uani kwa sababu mguu mmoja unacheza inatuuma sana. Mti ule ulichukua miongo kadhaa kukua, na dawa yake ni gundi ya siku moja.

Sasa wadudu, maana hapa Pwani ndipo watu wanapoumia. Pigeni kabati kofi, mtandike karatasi nyeupe chini yake usiku kucha. Kukicha mkikuta unga laini kama wa ngano, na kwenye mbao matundu ya milimita 1 hadi 2, huyo ni bungua. Funza wake hula wanga ulio kwenye sehemu nyeupe ya nje ya mti, mara chache huingia kwenye kiini. Mkikuta chembe ngumu kama mchanga, zenye pande sita ukizitazama vizuri, hao ni mchwa wa mbao kavu. Hawajengi njia za udongo, hawahitaji kushuka ardhini, na kipande kimoja kinaweza kuwahamishia nyumba nzima. Chomeni kwa ncha ya bisibisi: ikizama kama kwenye mkate, msinunue. Kama uharibifu ni mdogo, kwangueni vanishi yote mahali pale, kwa sababu dawa ya boraksi iliyoyeyushwa kwenye maji hunywewa na mbao tupu tu. Juu ya vanishi huteleza na kukauka bure. Pakeni mara mbili, mwache siku moja katikati. Matundu yaliyo wazi yatiliwe dawa ya wadudu wa mbao kwa bomba la sindano, kisha yazibwe kwa nta. Kifaa kikae nje ya nyumba wiki 3 au 4 juu ya karatasi nyeupe. Unga mpya ukidondoka, rudieni.

Kwenye maungio tutakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo kazi nyingi za bei nafuu zinapofia. Mtu anaona kiti kinacheza, anapigilia msumari. Msumari unapasua ulimi, kiti kinacheza upya baada ya miezi, na safari hii hakuna cha kugundisha. Mwingine anamimina gundi mpya juu ya kiungo bila kukifungua. Gundi nyeupe ya seremala hushika kwa kuingia ndani ya vinyweleo vya mbao, na vinyweleo vile vimezibwa na gundi ya zamani. Kwa hiyo kiungo lazima kifunguliwe. Wekeni alama kwa chaki, A kwa A, B kwa B, kabla hamjatenganisha lolote. Gongeni kwa nyundo juu ya kipande cha mbao kilichofungwa kitambaa. Kiungo kikigoma, tieni siki ya moto kwa bomba la sindano, msubiri dakika 20, mgonge tena. Kwangueni gundi yote kwa patasi mpaka muone mbao safi, lakini ulimi msiupunguze. Mtiki una mafuta yake yanayokataa gundi. Ufuteni kwa thina dakika chache kabla ya kupaka, si jana yake.

Ulimi ukiwa umelegea ndani ya tundu, gundi haitajaza nafasi hiyo. Uvisheni ganda jembamba la mbao lililorandwa, mgundishe, likikauka mlichonge mpaka liingie kwa kusukumwa na kiganja. Kisha pakeni gundi pande zote mbili, mkutanishe, mkibane. Kama hamna klampu, kateni tyubu ya ndani ya baiskeli kuwa kanda za upana wa sentimita 3 na mzungushie kiti mkivuta kwa nguvu. Mpira ule hubana sawasawa kila upande. Futeni gundi iliyotoka kwa kitambaa kibichi papo hapo, maana ikikauka itazuia vanishi na mtaona doa. Kisimamisheni juu ya sakafu iliyo sawa ili miguu yote minne iguse. Na msikikalie mpaka saa 24 zipite.

Bawaba iliyong'oka ni kazi ya dakika 10. Jazeni tundu kwa njiti za kiberiti zilizochovywa gundi, zikikauka mkate juu, mrudishe skrubu. Droo nzito, sugueni reli zake kwa mshumaa.

Tuje kwenye rangi. Osheni kwanza kwa maji ya sabuni kidogo, mkaushe. Mafuta ya mikono na nta ya kung'arishia yakibaki, msasa utayasukumia ndani, na rangi itajikusanya vidoa kama macho ya samaki. Halafu mjue kilichopo juu. Chukueni pamba yenye spiriti msugue mahali pa siri: rangi ikilainika na kuhamia kwenye pamba, huenda ni ya maji. Pamba ya thina ikiyeyusha vanishi, ile ni vanishi ya kupuliza. Hili si jambo dogo. Mkipuliza vanishi ya thina kali juu ya rangi ya mafuta ya zamani, thina inaipenya, inaivimbisha, na uso wote unakunjamana kama ngozi ya maziwa. Rangi ya mafuta juu ya vanishi iliyosuguliwa haina shida hiyo.

Msasa: namba 120 kuvunja mng'ao, kisha 180, mmalizie na 220, daima kufuata nyuzi. Mikwaruzo iliyokata nyuzi haionekani mpaka vanishi iingie, na hapo umechelewa. Rangi ya zamani yenye matabaka mengi huenda ina madini ya risasi. Hiyo tumieni msasa wa maji, nje, watoto mbali, na vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi, lisifagiliwe kavu.

Wengi mnataka nyeupe. Mninga na mkongo hutoa rangi yake kupitia nyeupe ya maji, baada ya siku chache mnaona madoa ya njano au kahawia, na kuongeza mikono ya rangi hakusaidii. Pigeni kwanza praima ya mafuta, yaani rangi ya msingi, ikauke, kisha rangi. Ingawa, tuseme wazi, kufunika mninga mzuri kwa nyeupe ni hasara. Usafisheni, mpake vanishi, rangi nyeupe iende kwenye paini.

Kiasi cha rangi hupigwa hesabu. Kabati la urefu mita 1.8, upana 1.2, kina 0.5 lina mbele mita za mraba 2.16, ubavu wa pande mbili 1.8, juu 0.6: jumla 4.56. Lita 1 hufunika kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, kwa hiyo lita 1 yatosha mikono miwili. Msinunue lita 4 kwa sababu muuzaji amesema. Na siku ya mvua msipulize: thina ikiruka hupoza uso wa mbao, unyevu wa hewa unagandia pale, vanishi inageuka ukungu mweupe.

Viti vya kulia chakula, msipeleke kwa fundi sofa kabla ya hesabu hii. Kikalio cha sentimita 45 kwa 45 na sponji ya inchi 2: ongeza sentimita 5 kila ubavu, na 5 za kukunja chini kila upande, unapata 65. Kitambaa cha upana wa sentimita 140 hutoa vipande viwili, hivyo viti 6 ni sentimita 195. Nunueni mita 2. Kama kina maua makubwa ya kulinganisha, ongezeni nusu mita. Kitenge kinapendeza lakini ni chepesi, kitachanika kwenye kona, kwa hiyo kitiwe kitambaa kizito chini yake. Pigeni stepla katikati ya kila upande kwanza, kona mwisho.

Kiti cha henzirani kilicholegea ila hakijakatika, kilowesheni upande wa chini kwa maji ya moto, kiachwe kivulini usiku mzima. Nyuzi zikikauka hujivuta.

Dada aliyeko nyuma ameuliza lini aanze kupanga nguo. Rangi ya mafuta ikikauka mkononi si kwamba imekomaa. Inachukua wiki kadhaa. Acha milango wazi wiki mbili, vinginevyo itagandana na fremu na utaibandua pamoja na rangi. Na matambara uliyofutia mafuta ya kitani (linsidi) usiyakunje pamoja: hupata joto yenyewe na kuwaka. Yatandaze nje yakauke, au yaloweke kwenye ndoo ya maji kabla ya kuyatupa.