Kishikio cha Kamera Yangu: Leo Namaliza Maswali

Habari zenu ndugu zangu. Niko kwangu South B, hapa Nairobi, saa kumi na mbili kasoro, na mwanga wa dirishani unakwenda. Nataka nimalize kabla giza halijaingia.

Swali ni lile lile. Kila nikijirekodi kwenye kioo cha lifti, anatokea mtu wa Tanga, wa Morogoro, wa Mwanza: "Dada, hicho cheusi kilichobandikwa mbele ya kamera ni nini, umekipata wapi, shilingi ngapi?" Nimejibu kwa maandishi mpaka nimechoka. Leo nimeegemeza simu kwenye birika irekodi, na kamera yenyewe hii hapa mkononi muione.

Najua wapo watakaosema naringa. Mwezi uliopita nilipoeleza habari ya gharama za mzigo, wengine wakasema nalalamika, kama pagumu si nirudi. Na yupo ndugu yangu mmoja kila video anaandika kwamba Nairobi si ughaibuni, ni basi moja tu kutoka nyumbani. Basi ni moja, kweli. Lakini mimi huku naishi kwa pasipoti na kibali, kibali kina tarehe, na nikitaka kukodi nyumba au kupokea kifurushi naulizwa karatasi ambazo jirani yangu haulizwi. Naomba hilo tuliache, nisije nikalia mbele yenu.

Kamera ni Sony RX100, ile toleo la tatu la mwaka 2014. Niliinunua kwa mtu, imetumika, shilingi 38,000 za Kenya. Kwa hela yetu ya Tanzania ni laki saba na ushee, nimeidunduliza miezi sita. Nimechagua hii kwa sababu inaingia mfuko wa koti, gramu 290 pamoja na betri na kadi, na kioo chake kinageuka juu kabisa nikajiona ninapoongea. Picha zake nazipenda mno. Shida yake ni moja, tangu RX100 ya kwanza ya 2012: mbele ni bati la alumini, laini tupu, halina hata kinundu cha kuzuia kidole.

Tazameni mkono wangu. Shahada iko kwenye kitufe. Gumba liko nyuma. Cha kati kinabonyeza ukuta mtupu. Cha pete na cha mwisho havina pa kukaa, vimejikunja chini ya kamera kama vinaomba lifti. Maana yake kamera yote imebanwa na vidole viwili, na vikiwa na jasho au maji hakuna kinachoishika.

Mwezi wa nne mwaka juzi, mvua inanyesha, napanda matatu huku narekodi. Kondakta akanishika kiwiko kunisaidia, kwa wema kabisa, kamera ikateleza. Ikagonga ngazi ya gari, ikatua kwenye lami lenzi ikiwa nje. Ilijaribu kujirudisha, ikalia kwa ndani mara tatu, ikasimama nusu. Fundi alinitoza 6,500. Mwezi ule nilishindwa kumtumia mama hela ya dawa kwa wakati, nikamdanganya kwamba mshahara umechelewa. Ndiyo maana nikiona mtu anaandika kwamba kishikio ni mapambo, inaniuma.

Sasa nikafanya kosa. Niliagiza nje kava la ngozi, lile la nusu, linalofunika chini na mbele na kuacha juu wazi. Zuri! Kila mtu alilisifia. Lakini lenyewe linafungwa kwa skrubu kwenye tundu la chini, lile tundu la kuwekea stendi, na kwenye kamera hii mlango wa betri na kadi uko huko huko chini. Kila betri ikiisha, natoa sarafu, nafungua skrubu, navua kava, nabadilisha, navalisha tena. Na hii betri yake ndogo haidumu: kwa kipimo cha kiwandani ni picha kama 320, na kwa video inaisha upesi kuliko hapo. Siku ya harusi ya rafiki yangu nilivua na kuvalisha mara nne. Bibi harusi ameingia ukumbini mimi nimepiga magoti natafuta sarafu iliyoanguka chini ya kiti.

Na gharama ya kulitoa hilo kava kwa wasafirishaji, nitasema kwa kifupi. Lenyewe lilikuwa 2,900. Likija, kampuni ya usafirishaji, siitaji, ikasema jina kwenye kifurushi ni mawili na kwenye pasipoti yangu ni matatu. Nikapeleka barua. Wakataka namba ya mlipakodi. Nikapeleka. Siku kumi na tisa zimepita, halafu wakanidai ushuru, VAT asilimia 16, ada yao ya kushughulikia, na pesa ya stoo ya zile siku ambazo wao ndio walikuwa wanasubiri karatasi. Jumla 2,350 juu ya kitu cha 2,900. Kodi sigombi nayo, kila nchi ina yake. Ile pesa ya stoo ndiyo sijaisamehe mpaka leo.

Hiki mnachokiona sasa ni kishikio cha kubandika. Kipande cha mpira mgumu, upana wa vidole viwili, nyuma kina tepe ya pande mbili. Sony wenyewe wanacho chao, kinaitwa AG-R2, kinabandikwa hivi hivi. Changu si cha Sony, nilikipata duka la kamera mjini kwa 1,200, sikuagiza nje tena. Kwenye mizani yangu ya jikoni kina gramu 8. Lile kava lilikuwa gramu 68, na lilikuwa haliingii mfukoni. Sasa cha kati na cha pete vinakaa nyuma ya huu ukingo, mnaona? Kamera inaning'inia kwenye vidole, sihitaji hata kubana. Mlango wa betri uko huru. Wapo wenye vishikio vya chuma vyenye bapa chini, imara kweli, ila ni mzigo na mara nyingi mlango wa chini unarudi kuwa tatizo. Ukivipenda, kwanza pindua kamera yako uone mlango uko wapi. Hilo tu.

Ila jamani, kubandika kuna adabu yake. Cha kwanza kilinidondoka siku ile ile. Nilikibandika asubuhi ya mwezi wa saba. Nyie wa pwani hamuijui Julai ya Nairobi: tuko mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, asubuhi ukipumua unaona moshi, na ile alumini ilikuwa baridi kama bati la paa. Gundi za namna hii hazishiki vizuri kwenye baridi, na hata kwenye joto la kawaida zinachukua saa 72 kufikia nguvu yake yote. Mimi nilibandika saa moja, saa tatu niko barabarani. Cha pili nilifuta bati kwa spiriti, nikaacha likauke, nikaipasha moto kidogo kwa viganja, nikabonyeza kwa gumba nikihesabu mpaka sitini, nikaiacha kabatini siku tatu. Huu mwaka wa pili, hakijatikisika. Ukitaka kukitoa, pasha kwa kikaushia nywele halafu pitisha ule uzi wa kusafishia meno kwa nyuma, kama unakata sabuni. Usichokoe kwa kisu.

Na kishikio peke yake hakitoshi mjini huku. Mkanda wa mkononi lazima. Simu zinapokonywa dirishani mwa matatu mchana kweupe, na kamera haina tofauti. Navaa mkanda kabla sijawasha.

Kipochi ndicho nilichomalizia, na hapa nina furaha. Nilikwenda Kariokor, soko la ngozi, viatu na mikanda. Ukilisikia jina unadhani uko Dar, na ni kweli ni ndugu: Kariokor hii na Kariakoo yetu zote zimetokana na Carrier Corps, wale wapagazi wa Waingereza wa vita vya kwanza vya dunia. Nilikaa kwenye benchi la fundi nikamtazama akiipima kamera kwa uzi, na kishikio chake kikiwa juu. Akaniuliza, "Unatoa kwa mkono upi?" Hakuna duka lililowahi kuniuliza. Nikasema wa kulia. Akaweka mdomo wa kipochi upande huo, akashona kwa mkono, ndani akaweka kitambaa laini cha kufutia miwani. Shilingi 700. Naichomoa kamera kabla mtoto hajaacha kucheka.

Sasa nyie wa Tanga, Dar, Unguja, Mombasa, hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu jibu langu la Nairobi si lenu. Lile kava la ngozi nilikwenda nalo nyumbani Idd, nikalisahau kabatini kwa mama. Nilipolikuta baadaye lilikuwa na ukungu wa kijani, nyuzi zimeota ndani ya mishono. Ukungu huo huo unaota kwenye lenzi, na kwenye lenzi haufutwi kwa kitambaa. Kwa hiyo kamera isilale ndani ya ngozi pwani. Ilaze kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya silika, vya kunyonya unyevu, vinavyokuja na viatu vipya, na kipochi kibaki nje kwenye upepo. Kipochi cha kitambaa kingewafaa zaidi, kwa maoni yangu.

Haya yote ni yangu mimi, mkono wangu mdogo, kamera yangu ya mfukoni. Mwenye viganja vikubwa au kamera yenye kinundu chake tayari, huenda hahitaji chochote zaidi ya mkanda. Msije mkanunua kisha mkaniandikia matusi.

Mdogo wangu Tanga ameniomba kipochi kama hiki kwa kamera yake. Nimemwambia anitumie vipimo, amenitumia picha ya kamera kando ya kiberiti. Jumamosi nakwenda Kariokor na kiberiti mkononi. Mwanga umekwisha, siwaoni tena, nazima.