Mnatafuta Atrazini ya Nani? Mhadhara kuhusu Polima zenye Chapa ya Molekuli

Polima yenye chapa hujengwa kuzunguka molekuli fulani, kiolezo; ukikiosha kitoke, hubaki tundu la umbo lake la kunasia molekuli kama hiyo kwenye sampuli. Mapishi mnayajua, kwa milimoli: kiolezo 1, asidi ya methakriliki 4 ya kukishika, EGDMA 20 ya kuunganisha minyororo ya polima, AIBN ya kuanzishia mmenyuko, naitrojeni ya kufukuza oksijeni, saa 24 kwenye nyuzi 60. Siyarudii. Leo tunapiga hesabu ya shule, ileile ambayo kila mtu anairuka.

Kiolezo chenu ni atrazini, dawa ya magugu ya mashamba ya mahindi. Milimoli 1 ni miligramu 216, ndani ya polima ya gramu 4.3 hivi. Mmeiosha kwenye Soxhlet, chombo kinachopitisha kiyeyushi tena na tena, kwa methanoli na asidi asetiki, 9 kwa 1, ikatoka asilimia 99. Mnapongezana! Imebaki miligramu 2.16, na katriji, kibomba chenye miligramu 100 za polima mnakopitishia maji ya kupimwa, imebeba mikrogramu 50. Kikomo cha Ulaya kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 0.1 kwa lita. Ukipitisha mililita 100, unasaka nanogramu 10. Katriji ina atrazini mara 5,000 ya hiyo. Ivuje sehemu moja tu kwa elfu, ni nanogramu 50, nawe umeshaandika kwamba kisima cha watu kina sumu.

"Tutaosha zaidi." Osheni. "Sampuli tupu, ile isiyo na atrazini, ilikuwa safi." Ya jana, ndiyo. Kiolezo kilichokwama ndani hutoka polima inapovimba, leo kidogo, kesho zaidi, kwa hiyo huwezi kukifuta kwenye hesabu kwa kupunguza namba ileile kila siku. Acheni kutumia atrazini! Tumieni ndugu yake, propazini: tundu ni karibu lilelile, na kwenye kromatogramu, mchoro unaotenganisha kemikali moja moja, ina kilele chake. Ivuje itakavyo. Ila mhakikishe haipuliziwi mashamba ya hapo.

Halafu polima ya kulinganishia, isiyo na kiolezo: bila hiyo, "imenasa asilimia 95" ni maneno matupu. Ndani ya maji, EGDMA hunasa karibu chochote kinachokimbia maji, pawe na chapa au pasiwe. Chapa huonekana unaposuuza kwa diklorometani, kiyeyushi kisichochanganyika na maji, na kabla ya hapo katriji ikauke kabisa kwa pampu ya ombwe. Maji yakibaki, diklorometani haipenyi, uchafu unabaki palepale, kisha mnailaumu polima.

Chembe za polima ziwe mikromita 25 hadi 50. Vumbi mwageni, linaziba. Kuhusu kuitumia katriji upya nilikuwa na mengi, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali.