Kusafirisha Nguvu kwa Waya: Turudie Jaribio la Vienna la Mwaka 1873

Karibuni watazamaji. Leo tutarudia kwa vifaa vidogo jaribio ambalo mhandisi Mfaransa Hippolyte Fontaine alilionyesha kwenye maonyesho ya Vienna mwaka 1873, pale mashine moja ya Gramme (aina ya jenereta) ilipozalisha umeme, na nyingine ya aina hiyohiyo, iliyounganishwa nayo kwa kebo ndefu, ikaupokea na kuendesha pampu ya maji.

Andaa mota mbili ndogo za mkondo mnyoofu (umeme unaotiririka upande mmoja tu, kama wa betri) zenye giaboksi na magurudumu, kama zile za magari ya kuchezea. Ziunganishe kwa vipande viwili vifupi vya waya, kisha zungusha gurudumu la kwanza kwa mkono, kwa kasi. La pili litazunguka. Sasa mwombe mwenzako alibane la pili kwa vidole huku ukiendelea kuzungusha: utahisi gurudumu lako limekuwa zito ghafla, ingawa hakuna mkanda wala mnyororo kati yenu. Tafadhali rudia hatua hii mara kadhaa, kwa sababu uzito huo unaousikia mkononi ndiyo nguvu yenyewe inayosafiri.

Baada ya hapo, ondoa waya mfupi na uweke mita kadhaa za ule mwembamba wanaoutumia mafundi wa kusuka mota, ukikwangua vanishi kwenye ncha zake kwa wembe hadi shaba ing'ae. Gurudumu la pili litapunguza kasi, au litasimama kabisa, kwani sehemu ya nguvu inageuka joto ndani ya waya.

Hesabu yake ni hii. Ukituma wati 1,000 kwa volti 100 kupitia waya wenye ukinzani (kipimo cha jinsi waya unavyozuia umeme) wa omu 5, mkondo ni ampea 10 na zinapotea wati 500 (mkondo mara mkondo mara ukinzani: 10 × 10 × 5). Kwa volti 1,000, mkondo ni ampea 1 na zinapotea wati 5 tu. Sehemu hii ifanye kwa kalamu, kamwe usiijaribu kwa vifaa, maana volti hizo zinaua.

Kwa sababu hiyo mhandisi Mfaransa Marcel Deprez alipandisha volti mwaka 1882 alipotuma umeme kilomita 57, kutoka Miesbach hadi Munich, Ujerumani, kwa waya wa telegrafu, lakini mkondo mnyoofu haukuwa na njia rahisi ya kubadilishiwa volti. Mkondo geu, yaani umeme unaobadili mwelekeo tena na tena, ulikuwa na njia hiyo: transfoma, kifaa cha kupandisha na kushusha volti. Ndiyo maana mwaka 1891 nguvu ya maji ya mto Neckar ilisafirishwa kutoka Lauffen hadi Frankfurt, pia Ujerumani, kilomita 175, kwa takribani volti 15,000, na karibu robo tatu yake ikafika.